Vikosi vya ngoma na tarumbeta vya watu wazima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu undugu, utani na ushindani

Kila mwaka, joto likianza kupanda hapa Pennsylvania na mimi nikaanza kupotea nyumbani wikendi nzima, maswali huanza upya. Yanatoka kwa mama Tanga, kwa wenzangu wa msikitini, kwa vijana wa Kikenya na Kikongo ninaofanya nao kazi ghalani. Nimeyakusanya hapa yale yanayojirudia. Napiga ngoma ya besi, ya tatu kati ya tano, katika kikosi cha watu wazima ambacho sikitaji jina, kwa sababu visa vingine nitakavyosimulia vina wenyewe. Soma jibu unalolihitaji peke yake. Majibu yanapogusana nimekuelekeza pa kwenda.

## Mambo ya mwanzo

Kikosi cha ngoma na tarumbeta ni nini? Ni sawa na bendi ya shule au matarumbeta ya harusini?

Ni binamu zao. Kwetu ala za kupuliza ni za shaba tu: tarumbeta, melofoni, baritoni, na tuba zinazobebwa begani. Hakuna klarineti wala saksofoni. Upande wa ngoma kuna sneya (ngoma ndogo yenye nyaya zinazotetema chini yake), kuna tena (ngoma nne hadi sita zilizofungwa pamoja kifuani pa mtu mmoja), na kuna besi, ambazo kwa kawaida ni tano za ukubwa tofauti. Ukingoni mwa uwanja husimama safu ya ala zisizotembea: marimba, ambazo Mswahili hahitaji kuelezwa, pamoja na vibrafoni, timpani na matoazi. Halafu kuna watu wa bendera, wanaocheza na kurusha juu bendera, bunduki za mbao na panga, kisha wakazidaka kana kwamba zimefungwa kamba.

Onyesho huchukua kama dakika kumi hadi kumi na mbili, kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani. Kila mtu ana nukta zake za kusimama, na onyesho moja linaweza kuwa na nukta kadhaa wa kadhaa. Hatua ya kawaida ni nane kwa kila yadi tano. Muziki wote na nukta zote ziko kichwani. Hakuna karatasi uwanjani.

Je, ni jeshi?

Hapana. Mama alipoiona picha yangu ya kwanza nimevaa sare alilia, akidhani nimeandikishwa. Ilinibidi nimpigie video nikiwa mazoezini, jirani yangu wa besi ya nne akimpungia mkono na kusema jambo, ndipo akatulia.

Lakini chimbuko lina harufu ya jeshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanajeshi waliorudi nyumbani Marekani walianzisha vyama vyao, American Legion kikiwa kimojawapo, na matawi ya vyama hivyo yakaunda vikosi vya ngoma na baragumu vya kupita mitaani siku za sikukuu. Mitaani hakukutosha, wakaanza kushindana. Baada ya Vita Kuu ya Pili vikosi viliongezeka sana. Hawthorne Caballeros wa New Jersey, kwa mfano, ni wa mwaka 1946. Katika miaka ya 1960 baadhi ya vikosi vya watu wazima vya mashariki ya Marekani vilichoka kushindana kwa kanuni zilizopangwa na wengine, vikaunda chama chao, Drum Corps Associates, yaani DCA. Fainali yao ya kwanza ilikuwa 1965.

Jambo hilo nataka ulishike, kwa sababu linaeleza mengi yanayofuata: walioanzisha chama walikuwa wapinzani. Walikaa meza moja wakaandika sheria za kushindana wao kwa wao.

"Watu wazima" maana yake ni kuanzia umri gani?

Vikosi maarufu zaidi duniani ni vya vijana, vilivyo chini ya Drum Corps International, DCI, ambayo fainali yake ya kwanza ilikuwa 1972. Huko ukifika miaka 21 au 22, kutegemea mwezi wa kuzaliwa, safari yako imekwisha. Kwetu hakuna ukomo wa juu. Zamani tuliitwa vikosi vya wakubwa. Siku hizi jina ni vikosi vya umri wote, maana vijana pia wamo. Tangu 2024 mashindano yetu yanaendeshwa chini ya DCI kama daraja la umri wote, na DCA kama chama cha kujitegemea imefunga ukurasa wake.

Kikosini kwetu mdogo ana miaka kumi na saba, mkubwa amevuka sitini.

Mnalipwa?

Tunalipa sisi. Ada ni mamia kadhaa ya dola kwa msimu, na katika vikosi vingine huvuka elfu. Hapo hujaweka mafuta ya gari, viatu, glavu na chakula. Vijana wa DCI hulipa maelfu, kwa sababu wao husafiri majira yote ya kiangazi kwa mabasi na kulala kwenye sakafu za shule. Sisi tuna kazi na watoto, kwa hiyo ni kambi moja kwa mwezi wakati wa baridi, kisha karibu kila wikendi kuanzia Mei.

Mshindi hupatikanaje?

Majaji husambaa: wengine juu jukwaani, wengine karibu na wachezaji. Wanapima shaba, ngoma, mwendo, bendera, na athari ya onyesho zima kwa mtazamaji. Alama zote pamoja ni mia moja. Zamani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majaji walihesabu makosa: kila kosa lilikatwa sehemu ndogo ya alama. Wazee wetu bado wanaukumbuka mtindo ule kwa hisia mbili. Wanasema ulikuwa wa haki, maana kosa ni kosa. Na wanakiri kwamba uliwafanya watu waogope kupiga muziki mgumu.

Alama hutofautiana kwa desimali. Mwaka 2008, upande wa vijana, Phantom Regiment waliwashinda Blue Devils kwa 98.125 dhidi ya 98.100. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ubingwa na nafasi ya pili baada ya majira mazima ya jasho.

## Ndani ya kikosi

Kwa nini watu mliokutana ukubwani mnaitana ndugu?

Nitajibu kwa ngoma yangu, kwa sababu naijua. Mpiga sneya anaweza kupiga mdundo mzima peke yake. Mpiga besi hawezi. Mdundo wetu umegawanywa: besi ya kwanza inapiga pigo moja, ya pili linalofuata, ya tatu mimi, na kuendelea hadi ya tano, kwa kasi ambayo msikilizaji anadhani ni mtu mmoja mwenye mikono kumi. Nikichelewa kwa unywele, si mimi ninayesikika vibaya, ni watano wote. Na nikikosa kuja mazoezini, wale wanne hawawezi kufanya mazoezi ya kweli. Wanapiga wimbo wenye pengo, na pengo lina jina langu.

Sasa fikiria watu watano wa namna hiyo kwa miaka minne. Besi ya kwanza ni fundi bomba. Ya pili ni mwalimu wa hesabu. Ya nne ni dereva wa gari la wagonjwa, anayetoka zamu ya usiku moja kwa moja hadi uwanjani akiwa na macho mekundu. Ya tano ni mama wa watoto wawili, kipande cha mtu, anayebeba ngoma yenye kipenyo cha inchi thelathini na mbili kama anabeba kapu la sokoni. Najua pumzi ya kila mmoja. Najua nani hukimbiza mdundo akiwa na hasira na nani hulegea akiwa na njaa. Ndugu zangu wa damu siwajui hivyo, na sisemi hivyo kwa kuwadharau.

Mwaka wa pili nilipoachishwa kazi, sikumwambia mtu. Mazoezini nikapiga vizuri tu, au ndivyo nilivyodhani. Wakati wa chakula fundi bomba akaniuliza, "Nyumbani kuna nini? Mkono wako wa kushoto umelala leo." Ada yangu ya msimu ule ililipwa. Hadi leo sijaambiwa na nani.

Mgeni hupokewaje?

Kwa kufanyishwa kazi. Mwaka wa kwanza utabeba vyombo vingi, utajaza maji, utapewa jina ambalo hukulichagua. Zamani katika vikosi vingi kulikuwa na mambo ya kunyanyasa wageni yaliyoitwa mila, na yaliumiza watu. Siku hizi kikosi chochote kinachojiheshimu kimepiga marufuku, na nashukuru. Ukifika mahali ukaona mgeni anadhalilishwa huku watu wanacheka, funga begi lako uondoke. Vikosi viko vingi.

Kinachobaki ni kizuri. Kila kikosi cha zamani kina wimbo wake, unaoimbwa au kupigwa watu wakiwa wamesimama duara, mabega yamegusana, kabla ya kuingia uwanjani. Mgeni hausikilizi kama mtazamaji. Anavutwa ndani ya duara hata kama hajui maneno.

Ndani ya kikosi hakuna ushindani?

Upo, tena wakati mwingine ni mkali kuliko ule wa nje. Nafasi za sneya ni chache na wanaozitaka ni wengi. Mtu aliyesimama katikati ya safu miaka sita anaweza kusogezwa pembeni na kijana wa miaka ishirini aliyetoka tu kikosi cha vijana, mikono bado ina moto. Nimeona watu wazima, wenye nyumba na wajukuu, wakienda kulia nyuma ya lori la vyombo.

Kinachookoa ni kwamba majaribio yanafanywa mbele ya wote. Unapiga, naye anapiga, metronomu inalia, na masikio ya kila mtu yapo. Hakuna wa kukuambia kwamba umeonewa kama wewe mwenyewe umesikia. Ugomvi nilioushuhudia ulitokea pale kiongozi wa safu alipoamua mambo faraghani. Mwaka ule tulipoteza wapigaji watatu katikati ya msimu, na mapengo yao uwanjani yaliwafundisha wote somo ghali. Pengo halifichiki: safu ya watu wanane ikiwa na saba, hata mtoto jukwaani ataliona.

Tena kuna ushindani wa idara. Shaba wanadai ngoma wanakimbiza. Ngoma wanadai shaba wanaburuta. Ubishi huu ulikuwepo kabla yangu na utabaki nikishaondoka.

Vijana na wazee mnaelewanaje?

Vizuri kuliko nilivyotarajia. Mimi nililelewa kumpa mtu mzima shikamoo kabla ya neno jingine lolote, kwa hiyo mara ya kwanza niliposikia kijana wa miaka kumi na tisa akimwambia mzee wa miaka sitini, "Umechelewa kwenye nukta ya ishirini na nne," nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akajibu, "Kweli, rudia." Yakaisha.

Uwanjani heshima inafuata kazi. Nje ya uwanja umri unarudi mahali pake: vijana ndio wanaopakia lori, wazee ndio wanaojua njia ya mkato na hoteli isiyo na kunguni. Yule mzee sasa namwita Mzee, kwa Kiswahili, na nusu ya kikosi wameniiga wakidhani ni jina lake.

Na wanawake?

Vikosi vingi vya zamani vilikuwa vya wanaume watupu, au wanawake waliruhusiwa kushika bendera tu. Hilo limekwisha. Anayebeba besi kubwa kuliko zote katika safu yangu, kama nilivyosema, ni mama wa watoto wawili.

## Kati ya kikosi na kikosi

Ushindani wenu ni uadui?

Swali hili Wamarekani hunieleza kwa maneno mengi, wakizunguka. Sisi tuna neno moja: utani. Mpogoro na Mngoni, Mnyamwezi na Mzaramo, Simba na Yanga. Mtani wako ana ruhusa ya kukuchamba hadharani, kukucheka ulipoanguka, kukudai mali isiyo yake. Na siku ya msiba wako ndiye anayefika mapema, maana utani ni mkataba wenye haki na wajibu.

Ndivyo ilivyo huku. Kabla ya onyesho, vikosi hujipasha moto kwenye maegesho ya magari. Safu za ngoma husimama duara na watu hujazana kuzizunguka kusikiliza, wakiwemo wapinzani waliokwisha vaa sare zao. Wanasimama mbele yako mikono kifuani, wanakutazama mikwiro. Hawasemi kitu. Ukimaliza kipande kigumu, mmoja wao anatikisa kichwa kidogo tu. Kutikiswa kichwa na mtani ni kitamu kuliko vigelegele vya shangazi zako wote. Nusu saa baadaye watu haohao watataka kukumaliza uwanjani.

Watani wa jadi ni akina nani?

Kwa vikosi vya mashariki, wazee watakutajia Caballeros wa Hawthorne, Skyliners wa New York, Hurricanes wa Connecticut, na Buccaneers wa Reading hapa Pennsylvania, walioanza 1957. Buccaneers ndio waliotwaa ubingwa wa DCA mara nyingi kuliko kikosi chochote, na aliyekaa kileleni muda mrefu ndiye anayechambwa zaidi. Caballeros walijijenga kwa muziki wa ladha ya Kihispania. Hurricanes wana "The Magnificent Seven" kama wimbo wao, na jukwaa zima husimama unapolia, hata wanaowaombea kushindwa.

Mwaka 2011 Minnesota Brass walichukua ubingwa, wakitoka mbali kabisa na mashariki ambako vikosi vingi vilikuwa vimebanana. Kuna wazee hapa walichukia kombe kwenda kule. Wazee haohao huisimulia shaba ya Minnesota ya usiku ule macho yakiwa na maji.

Mnazomeana jukwaani?

Hapana, na hapa sheria isiyoandikwa ni kali. Vikosi vinavyomaliza mapema hupanda jukwaani kutazama vinavyofuata. Unashangilia. Mtu akiangusha bunduki ya mbao, mtu wa bendera wa kikosi pinzani ndiye anayepiga makofi kwa nguvu zaidi, kwa sababu anajua ile baridi inavyoshuka mgongoni. Matusi na tambo ziko kwenye maegesho, hotelini, na kwenye simu. Jukwaani unamheshimu aliye uwanjani.

Niliwahi kumwona mgeni wetu akicheka pale tuba wa kikosi kingine alipoteleza kwenye matope. Kiongozi wa safu yake alimtoa jukwaani kimya kimya, akamketisha ndani ya basi hadi mwisho. Hakuna aliyemtetea.

Mkishindwa kwa sehemu ndogo ya alama, hamgombani na majaji au na washindi?

Inauma, sitadanganya. Mwishoni vikosi vyote hupangwa uwanjani kusikiliza matokeo, yanayosomwa kuanzia wa mwisho, na unasimama wima huku jina lako likitajwa mapema kuliko ulivyotaka. Usoni huruhusiwi kuonyesha chochote. Msimu mmoja tuliachwa kwa kiasi ambacho hata hakifiki sehemu ya kumi ya alama moja. Nilihesabu mapigo yangu yote ya usiku ule njia nzima ya kurudi.

Washindi walikuwa wamelala hoteli ileile. Saa sita usiku wakagonga milango yetu, wamebeba sanduku la vinywaji na piza zilizopoa, wakasema hawawezi kusherehekea bila watu waliowalazimisha kufanya mazoezi hivyo. Wengine wetu walikataa kufungua. Mimi nilifungua, na sikuwa na furaha yoyote, lakini nilikula.

Mtu akihamia kikosi pinzani, anasemwa msaliti?

Inategemea anavyoondoka. Kuhama ni kawaida: mtu amehamishwa kazi, anataka mwalimu fulani, amechoka nafasi ya pili. Akiaga baada ya msimu, akarudisha sare na ngoma, akamaliza deni lake, atataniwa miaka mitano na basi. Akiondoka katikati ya msimu na kuacha pengo (soma swali kuhusu ushindani wa ndani), hilo halisahauliki upesi. Kibaya zaidi ni kuhama na watu, yaani kuchota safu nzima na kuipeleka kwingine. Hapo utani husimama na uadui wa kweli huingia, nao nimeuona ukidumu.

Kumbuka pia kwamba wakati wa baridi mipaka hufutika. Watu wa vikosi tofauti huungana kwenye vikundi vya ngoma vya ukumbini, au kwenye vikundi vidogo vya shaba na ngoma ambavyo kwa miaka mingi vilishindana wikendi ileile ya fainali za DCA. Mwalimu wa sneya wa watani wetu alikuwa mpigaji mwenzangu baridi iliyopita.

Mwenzenu akifa?

Tunampigia. Kikosi hujitokeza kaburini na sare, au na fulana za kikosi kama familia imependa hivyo, na wimbo wa duara unapigwa akiwa ndani ya duara.

Tulipomzika mpigaji wetu mmoja wa zamani wa baritoni, tulifika makaburini tukakuta watu kumi na wawili wa kikosi kilichokuwa kimetuchapa misimu mitatu mfululizo. Walikuwa wameendesha gari kwa muda wa saa nne. Hawakuomba kupiga. Walisimama nyuma, na baada ya maziko wakaenda ukumbini kupanga viti na kuosha vyombo, ili sisi tuliofiwa tukae na mjane. Niliwatazama jikoni wamekunja mikono ya mashati, nikakumbuka watani wa marehemu babu yangu kule Tanga. Sikuwa na namna ya kuwaeleza kwa Kiingereza kwa nini nilitoka nje.

## Maswali ya pembeni

Hii si beni tuliyokuwa nayo pwani?

Wanaouliza hivi ni wazee wenye kumbukumbu, na ninawabusu mikono. Hazitokani moja na nyingine, lakini zimekunywa kisima kimoja, bendi ya jeshi. Beni ilianza kushika kasi pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Watu wazima walijipanga kwa vyama, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakashindana kwa gwaride na nyimbo za vijembe. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika Marini na Arinoti. Askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza waliitawanya hadi bara, mpaka maeneo ya Ziwa Nyasa, ambako malipenga na mganda ni uzao wake.

Na vyama vile vilisaidiana kwenye maziko, harusi na ugenini. Mtu wa Marini aliyeshuka mji mgeni alikuwa na pa kufikia. Wakoloni walipouona mtandao huo wakaingiwa na hofu, wakaandikiana barua kuuchunguza. Hawakuelewa kwamba watu wanaweza kushindana vikali hivyo kwa sababu wanapenda kuwa pamoja. Nikisoma habari za beni namwona babu, na nawaona hawa watu wa maegesho.

Mimi ni Mwislamu. Nitaweza kushika mazoezi na dini?

Nimeweza. Kwa miaka hii Ramadhani imeangukia kambi za baridi, zinazofanyika ndani, kwa hiyo kiu si kali kama ingekuwa Julai. Niliongea mapema na kiongozi wa safu. Besi wenzangu wakaamua mapumziko ya jioni yasogezwe yafuate magharibi, na mwalimu wa hesabu akaja na tende, akiwa amesoma kwamba ndizo zinazotangulia. Ijumaa haina shida, kambi huanza usiku. Jambo la kuuliza mapema ni chakula: jikoni la kambi ni la watu wa kujitolea, waambie wiki mbili kabla.

Nina miaka arobaini na sijawahi kushika ala yoyote. Nimechelewa?

Kwa sneya, ndiyo, kwa miaka miwili mitatu ijayo. Kwa matoazi, kwa safu ya mbele (ile ya ala zisizotembea) au kwa bendera, vikosi vingi vidogo vitakupokea ukionyesha unafika kila mara na kwa wakati. Mimi nilianza na miaka thelathini na moja, nikiwa nimepiga dufu tu kwenye maulidi. Dufu lilinisaidia: nilikuwa tayari najua kupiga kwa kumsikiliza jirani.

Afya je?

Vaa vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza, hata kama wazee hawavai. Waulize wazee hao kitu kwa sauti ya chini na utaona kwa nini. Mgongo unahitaji mazoezi ya tumbo kabla ya msimu, maana tuba na besi kubwa zinaweza kukaribia kilo kumi na tano. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Na jirani yako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka juani, weka ngoma chini umpeleke kivulini, hata kama mwongozaji bado anahesabu.

Naishi Ulaya. Kuna vikosi huko?

Vipo. Uholanzi kuna Jubal wa Dordrecht, Uingereza kuna Kidsgrove Scouts, na ipo Drum Corps Europe inayoandaa mashindano. Utani wao una ladha yake, lakini maegesho ni yaleyale.

Mume na mke wakiwa vikosi pinzani, inawezekana?

Nawajua wawili. Yeye mke hupiga melofoni, mume yuko sneya kwa watani wake. Kanuni yao ni tatu: hakuna kuonyeshana onyesho kabla ya shindano la kwanza, anayeshindwa ndiye anayeendesha gari kurudi, na watoto huvaa fulana za kikosi cha mama mashindano ya nusu ya kwanza ya msimu, cha baba nusu ya pili. Mtoto wao mkubwa sasa ana miaka kumi na sita na ameanza tuba. Pande zote mbili tayari zimeshampelekea barua.